Mtori wa mzazi unaoletwa mlangoni: tathmini yangu baada ya kuula hadi arobaini

Nianze na jibu, maana najua wengi mnaosoma mna mtoto begani na mkono mmoja tu ulio huru. Ndiyo, huduma hii inastahili hela yake, na ningeilipia tena. Ila usiinunue kwa sababu umeambiwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ni dawa ya kuongeza maziwa. Inunue kwa sababu mwanamke aliyejifungua anatakiwa ale, ale vizuri, ale mara nyingi, tena chakula cha moto, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam siku hizi hakuna wa kumpikia. Mama yuko mkoani, wifi yuko kazini, dada wa kazi ana mtoto mkubwa wa kumpeleka shule. Mzazi anabaki na chai na mkate mpaka saa nane mchana, halafu anaambiwa hana maziwa.

Mpishi ninayemzungumzia ni mama wa makamo anayepikia nyumbani kwake, upande wa Kimara. Hana mgahawa wala bango barabarani. Ameniomba nisimtaje jina wala namba, kwa sababu jiko lake ni dogo na hataki oda asizoziweza, nami namheshimu kwa hilo. Wapishi wa namna yake wapo wengi sasa hapa mjini, na Moshi na Arusha ndiyo usiseme, kwa hiyo nitaeleza kwa kina ili ukimpata wa mtaani kwako ujue cha kuangalia.

Anachouza ni chakula cha mzazi cha siku nzima. Asubuhi mtori. Mchana supu ya kuku wa kienyeji pamoja na wali au ugali, mboga ya majani, na maharage au dagaa. Jioni uji. Kwa siku ni shilingi 25,000, ukilipia wiki anakupunguzia hadi 140,000 kwa siku sita, kwa kuwa Jumapili hapiki. Mtori peke yake, lita moja na nusu, ni 12,000. Nauli ya bodaboda unalipa wewe. Unaagiza kwa WhatsApp kabla ya saa mbili usiku, unalipa kwa simu, na asubuhi kati ya saa moja na saa mbili mzigo uko mlangoni.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Uchagani, na hilo lina uzito katika tathmini hii. Kwetu mzazi hupewa uji wa pilipili manga wa moto hasa, na mchuzi wa kuku wenye tangawizi nyingi. Mama yangu haamini chakula chochote cha mzazi kisichomtoa mtu jasho. Kwa wakwe zangu mzazi ni mtori, na wenye kushika mila zaidi humchinjia mbuzi na kumpa mlaso, chakula chao cha damu ya mnyama. Kwa hiyo hotipoti ya kwanza ilipofunguliwa hapa nyumbani, jaji hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe, mzaliwa wa Marangu, aliyekuja kunitunza wiki za mwanzo na ambaye tangu awali hakufurahia habari ya mtori wa kununua.

"Mama, onja basi utuambie," nikamwambia.

Akachota kijiko, akakaa kimya, akachota kingine. "Ndizi zake zimepikia ndani ya supu. Hazikuchemshwa pembeni zikaja kuchanganywa." Akaangalia tena ndani ya hotipoti. "Huyu amefundishwa na bibi. Kula, mwanangu, usiache upoe."

Kauli hiyo ya ndizi kupikia ndani ya supu ndiyo tofauti yote kati ya mtori na ndizi zilizopondwa, kwa hiyo ngoja niifafanue. Mtori unaanza na mifupa yenye nyama, mbavu au kidari, inayochemshwa taratibu na kitunguu na chumvi mpaka nyama iachie yenyewe. Nyama inatolewa na kuchambuliwa. Ndizi mbichi, na Uchagani wanapendelea mshare, zinamenywa ndani ya maji au kwa mikono iliyopakwa mafuta kwa sababu ya utomvu unaotia weusi usiotoka kucha. Zinaingia katika supu ileile zikiwa mbichi, zinaiva humo, zinanyonya ladha ya mifupa. Ndipo zinapondwa na kupekechwa kwa kipekecho mpaka ziwe laini, nyama inarudishwa, na mwisho kabisa siagi au maziwa kidogo, karoti iliyokunwa kwa wanaoipenda. Ndizi mzuzu haifai, ni ya kuchoma na kukaanga. Ndizi bukoba inakubalika mjini, na mpishi wangu huitumia mshare zikiadimika, lakini anakuambia mapema kwenye ujumbe, hakufichi.

Ukipewa mtori angalia mambo haya. Uweze kuunywa kwa kikombe lakini kijiko kikiingia kisitoke kikavu. Uwe na nyuzi za nyama unazozihisi mdomoni, siyo supu ya ndizi iliyopitiwa na kipande kimoja cha nyama. Juu usielee mafuta ya kidole kizima. Na usiwe umesagwa kwa blenda, maana ukisagwa sana unavutika kama gundi ya kubandikia bahasha na hauteremki kooni. Nilishawahi kuagiza kwa mpishi mwingine siku ambayo huyu wangu alikuwa safari, nikaletewa huo wa gundi. Sikuumaliza.

Mtori wa Kimara ulikuwa sawa karibu kila siku. Siku moja chumvi ilizidi, nikamwandikia, akaomba radhi na kesho yake akaniongezea bakuli la supu bila malipo. Jambo lililonisumbua zaidi ni usafiri. Barabara ya Morogoro asubuhi mnaijua, na mvua ikinyesha mtori unafika saa tatu na nusu wakati mtoto ameshanyonya mara mbili na tumbo la mama linaunguruma. Nilimwomba aniletee mtori wa asubuhi jioni ya siku iliyotangulia, niuweke kwenye friji na kuupasha. Akakubali, na toka hapo nikapumua. Ukiagiza huduma kama hii, omba hivyo mapema, na uhakikishe unapashwa mpaka uchemke kabisa, usiishie kuwa vuguvugu.

Supu ya kuku ni nzuri bila maelezo mengi. Kuku ni wa kienyeji kweli, utamjua kwa mfupa mgumu na nyama inayokataa meno. Mboga za mchana ndizo zilinifurahisha kuliko nilivyotegemea: matembele, mchicha, kisamvu cha nazi siku za Ijumaa. Dagaa anawakaanga wakavu kisha anawaunga kwa nyanya na limao, unawala na vichwa na miiba yao, na humo ndimo yalimo madini ya kalsiamu, ya kujenga mifupa, ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Katika kila mlo anaweka kipande cha papai au chungwa. Mwanzoni nilidhani ni mapambo. Kwa mtu aliyetoka upasuaji na anayeogopa kwenda chooni, papai lile ni huduma kamili, na chungwa linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage. Kama umepoteza damu wakati wa kujifungua unajua kwa nini hilo ni muhimu. Chai nayo iache isubiri, usiinywe papo hapo na chakula, maana inazuia chuma hicho kufyonzwa. Na vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea navyo, mtori haushiki nafasi yake.

Kitu nisichokipenda ni uji. Anaupika kwa unga wa "lishe" wenye mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga na sijui nini tena, halafu anautia sukari mpaka meno yanakaza. Sioni haja ya kurundika nafaka zote hizo katika sufuria moja. Ulezi mtupu, maziwa, na karanga zilizosagwa pembeni kwa anayezitaka, vinatosha sana. Baada ya wiki ya kwanza nilimwomba anipikie uji wa mchele wa nazi wenye pilipili manga, wa kwetu Tanga, nikamwelekeza kwa sauti kwenye simu. Aliupatia. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga akaunywa akasema pilipili haijafika, lakini kwa mama yangu pilipili haijawahi kufika.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mtu aliniuliza: je, maziwa yaliongezeka?

Yaliongezeka. Lakini nataka niwe mkweli kwa mtu aliyekaa kitandani saa hii analia kwa sababu mtoto hashibi, kwa hiyo nitaeleza kilichotokea kwa mpangilio wake. Nilijifungua kwa operesheni, na maziwa yangu yalichelewa kidogo kushuka, jambo ambalo ni la kawaida baada ya upasuaji. Siku za mwanzo kulikuwa na dang'a tu, yale maziwa ya njano mazito, matone matone. Ndugu wakaanza kunong'ona juu ya maziwa ya kopo. Muuguzi wa zamu, dada mdogo tu kwa umri, akakaa na mimi, akamgeuza mtoto tumbo lake liangalie tumbo langu, akasubiri apanue mdomo kabisa, akamwingiza titini mpaka sehemu kubwa ya weusi wa chuchu ikapotea mdomoni mwake na mdomo wa chini ukageuka nje. Maumivu yakaisha palepale. Akaniambia: "Dada, tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno, matone haya yanamtosha. Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku. Titi likiondolewa maziwa ndipo linatengeneza mengine."

Hapo ndipo maziwa yanapotoka. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unaamriwa kutoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa, ambayo hupanda zaidi usiku, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Maziwa yakikaa muda mrefu titini bila kutolewa, mwili unaelewa kuwa hayahitajiki na unapunguza. Ndiyo maana chupa moja ya kopo "ya kumtuliza tu usiku" inaweza kuanza kushusha maziwa ya mama anayekula mtori sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye ndani ya saa moja tangu azaliwe, anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji wala kitu kingine isipokuwa dawa aliyoandikiwa, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Nimeandika hapa kwa sababu bado kuna nyumba mtoto anapewa maji ya sukari siku ya pili.

Chakula basi kinafanya nini? Kinambeba mama. Mwanamke anayenyonyesha mtoto peke yake bila kumchanganyia anatoa karibu robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku, na mwili wake unahitaji nguvu ya ziada ipatayo kilokalori 500 kila siku. Hata asipokula vizuri, mwili utajitahidi maziwa yatoke, lakini utayatoa katika akiba yake yeye. Ndiye atakayesikia kizunguzungu, ndiye atakayeshindwa kuamka mara ya nne usiku na kumwachia bibi ampe mtoto chupa. Mtori ulinipa nguvu ya kuamka hiyo mara ya nne. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake, na si kazi ndogo. Isitoshe, mtori ni wa majimaji, na kiu ya kunyonyesha si mchezo. Mtu asikulazimishe tu kunywa lita juu ya lita ukiwa huna kiu, maana maji ya kupita kiasi hayageuki maziwa. Weka chupa ya maji karibu na unapokalia kunyonyesha, kunywa unapohitaji.

Mpishi huyu ana pia vitu vya kuongezea kwenye oda: maji ya uwatu, unga wa mlonge, mbegu za maboga. Mbegu za maboga nilizichukua na kuzitafuna, ni chakula kizuri. Uwatu niliuacha. Najua wanawake wengi wa pwani na Visiwani wanauamini, na bibi zangu waliutumia. Lakini tafiti zilizofanywa juu yake ni ndogo na majibu yake hayakubaliani, na uwatu unashusha sukari mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mzio wa karanga na dengu aulize kwanza kwa daktari. Mlonge nao ni mboga nzuri, unga wake kijiko kimoja kwenye uji hauna ubaya, ila usiulipie bei ya dawa.

Na hapa naomba nisikike vizuri. Nililetewa zawadi ya unga wa "kuongeza maziwa" ulionunuliwa mtandaoni kwa 35,000. Kopo zuri, picha ya mtoto mnene, maandishi makubwa kwamba maziwa yatajaa ndani ya saa 24. Nikaligeuza kopo pande zote. Hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna tarehe ya kuisha muda, hakuna nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mtoto wa wiki mbili anapata kupitia kwangu baadhi ya ninavyovila, halafu nile kitu nisichojua ni nini? Halikufunguliwa. Kwa hela hiyohiyo unapata mtori wa karibu siku tatu, uliopikwa na mtu unayeweza kumpigia simu na kumuuliza ameweka nini. Wanaouza vitu vile wanajua mama mchanga ana hofu, na wanaifanyia biashara hofu hiyo. Inaniuma.

Kama unaogopa kuwa maziwa hayatoshi, kipimo hakiko kwenye kifua kujaa wala kwenye kukamua na kuangalia kikombe. Kiko kwenye nepi na mzani. Kuanzia siku ya tano hivi mtoto alowanishe nepi sita au zaidi kwa siku, na ndani ya wiki mbili awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao, kisha apande. Asipopanda, nenda kliniki, usiende kwa muuza unga. Wakati mwingine mtoto hajashika vizuri, wakati mwingine ana ulimi ulioshikwa chini, wakati mwingine mama alipoteza damu nyingi, au kipande cha kondo la nyuma kimebaki, au tezi ya shingoni ina shida. Hata vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, kwa hiyo mwambie mtoa huduma kwamba unanyonyesha kabla hajakuandikia. Hayo yote hayatibiwi kwa ndizi.

Nirudi kwenye bei, maana 25,000 kwa siku si hela ya kila nyumba. Ukiwa na mtu wa kupika, mtori huohuo utapika kwa karibu nusu ya bei, na maharage, dagaa, mchicha na ulezi vitakulisha vizuri bila kuku wa kienyeji kabisa. Nilichofanya mimi ni kulipia kifurushi kizima mama mkwe alipokaribia kuondoka, kisha nikashuka kwenye mtori peke yake mara chache kwa wiki, mpaka arobaini ilipokwisha. Rafiki zangu wa ofisini walipouliza waniletee nini, niliwaambia wazi: msilete nguo za mtoto, nilipieni mtori. Walichanga, wakamtumia mpishi moja kwa moja. Sijapata zawadi iliyonifaa kama hiyo.

Niliporudi kazini mpishi alinishangaza kwa kukubali kuleta mtori ofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Mimi natumia muda wangu kukamua mchana na kuondoka mapema jioni, na siku za kukamua nikiwa sijala, mkono unachoka kabla titi halijaisha. Kikombe cha mtori saa tano asubuhi kinasaidia. Wanawake wenzangu, daini hizo saa, ziko kwenye sheria.

Alama zangu: mtori tisa kwa kumi, chakula cha mchana tisa, uji wa lishe nne na uji wa pilipili manga nane, usafiri sita. Mpishi mwenyewe kumi, kwa sababu kila siku ya kwanza ya wiki alikuwa anatuma ujumbe wa sauti: "Mama, mtoto ananyonyaje? Na wewe umelala?" Ukimpata wa mtaani kwako, mwulize anatumia ndizi gani, anasaga au anapekecha, na kama anakubali kuleta jioni. Wifi yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nimeshamlipia wiki ya kwanza, na nimesema uji uwe wa ulezi, sukari awekewe pembeni.